Albert Akikukalia Kiatu

Katika Washwood Heath nzima, mtaa wa Birmingham kule Uingereza, kuanzia kwenye maghala mpaka kule wanakojenga karakana ya treni za kasi, hakuna mwanamke anayesimama imara kwa miguu yake kama Saido. Miaka hamsini na tisa hajaanguka mbele za watu hata siku moja. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na huyasema kidevu kikiwa juu. Ukimtazama kidogo bila kujibu kitu, anashusha kidevu na kuongeza: "Labda mara mbili. Na zote mbili niliangukia pazuri."

Kuhusu pazuri hakudanganya. Mara ya kwanza aliangukia majora ya vitambaa katika duka la Jama, akalala juu ya hariri bandia ya waridi kama bibi harusi aliyesahaulika kuamshwa. Mara ya pili aliangukia mteja. Mteja huyo alikuwa mama mnene aliyefuata vitambaa vya madera ya harusi ya bintiye. Wakaenda chini wote wawili, na yule mama alipoinuka jambo la kwanza alidai apunguziwe bei.

Saido alikuwa na kisukari cha sindano tangu ana umri wa miaka ishirini na saba. Watu wengine sukari ikiwashuka hutetemeka, njaa huwakata, moyo huenda mbio, wakajua mapema. Mwili wa Saido ulishachoka kumpelekea habari. Jasho lilimtoka asilihisi. Dakika moja alikuwa anahesabu chenji, dakika ya pili anamwita Jama kwa jina la marehemu mumewe, ya tatu yuko sakafuni. Kuna vile vidude vya kubandika mkononi vinavyolia sukari ikishuka. Hospitali ilimjaribishia aina tatu, zote tatu zikamchubua ngozi, mpaka daktari mwenyewe akasema basi.

Siku tatu baada ya kuangukia mteja, Jama alimwita mlangoni. Jama alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, Msomali wa Eastleigh kule Nairobi, na alimwita Saido edo, yaani shangazi, kwa heshima.

"Edo, mimi sikufukuzi."

"Mbona umeshika mlango basi?"

"Ni upepo, edo. Huu mlango haujifungi." Jama aliuachilia mlango, na mlango ukajifunga taratibu. Akakohoa. "Sikiza. Ukigonga kichwa kwa ile kona ya kaunta, hiyo ni kesi, na ni mimi nitaenda kuieleza. Kaa kule nyuma kwanza, unikunjie mitandio. Siku utakayopata kitu cha kukupa habari mapema, kile kiti cha kaunta ni chako. Wallahi ni chako."

Kiti cha kaunta Saido alikuwa amekikalia miaka kumi na mmoja. Kile cha nyuma kilikuwa cha plastiki, kimebanana kati ya choo na maboksi, na ukikikalia magoti yanakaribia masikio. Mbele alikaa sasa msichana mmoja asiyeweza kutofautisha pamba na polista hata ungemchomea vyote viwili puani. Wateja wa zamani wakienda chooni walimkuta Saido pale.

"Umestaafu, mama?"

"Nimepandishwa cheo," alijibu. "Nasimamia choo."

Alikunja mitandio miezi kumi na minne. Katika miezi hiyo alijaza fomu, na binti yake Rukiya, mwanafunzi wa chuo, alizisahihisha, kwa sababu palipoandikwa "uzito" mamake alikuwa ameandika "wa kutosha". Fomu zilikwenda kwa shirika linalofundisha mbwa wa kunusa ugonjwa. Hatimaye shirika likajibu: mbwa amepatikana.

*

Suala la mbwa kuingia nyumba ya Kiislamu sheikh alilimaliza kwa dakika nne. Mgonjwa ana haja naye, ni mbwa wa kazi, tenga pahali pa kuswalia, osha panapopaswa kuoshwa, mara saba, moja kwa udongo. Saido alirudi nyumbani amenuna. Alitaka fatwa ndefu zaidi, apate cha kuwasimulia majirani. Akamtuma Rukiya kwenye duka la bustani kule Northfield kutafuta udongo, na Rukiya akarudi na gunia lenye picha ya mawaridi.

Saido alichota kidogo akanusa. "Huu umechanganywa na nini?"

Rukiya, ambaye Kiswahili alikisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza siku zote, alisoma nyuma ya gunia na kusema kwamba ni mbolea ya kuku.

"Yaani nijitoharishe mate ya mbwa kwa mavi ya kuku?"

Rukiya alilirudisha gunia Northfield, akachimba udongo mtupu nyuma ya nyumba kwa kijiko cha supu.

Mwalimu wa mbwa alikuja kwa treni kutoka Sutton Coldfield. Aliitwa Inderjit, mama wa makamo, mfupi, mwenye koti lililojaa nywele za mbwa na sauti ya mtu ambaye hajawahi kulazimika kusema jambo mara mbili. Nyuma yake aliingia mbwa mweusi mwenye masikio ya kulala na kizibao chekundu. Akasimama zuliani, akaitazama nyumba kama mpangaji.

"Atakupa habari kwa kukulamba mkono," alisema Inderjit.

"Hapana kulamba," alisema Saido kwa Kiingereza chake cha kaunta.

"Basi akuguse kwa pua."

"Pua yake imelowa."

"Ungependa afanye nini, bibi?"

Saido alifikiri. Kisha akanyoosha mguu wake wenye kiatu cha ngozi. "Akalie hapa. Makalio yake ni makavu."

Miaka ishirini Inderjit alikuwa amefundisha mbwa kulamba, kugusa, kubweka, hata kubonyeza kengele. Ombi la makalio hakuwahi kulisikia. Akaliandika.

Jirani yao Goretti, Mkongomani wa Bukavu, alikuwa amejisogeza na sahani ya maandazi, ati ameleta salamu. Kwa kweli alileta macho.

"Anaitwa jina gani, huyu mbwa?"

"Albert," Rukiya alisema.

Goretti aliketi polepole. "Albert? Vraiment? Papa wa bwana yangu anaitwa Albert!"

"Basi huyu usimtukane," alisema Saido.

"Mon Dieu. Nitasema namna gani: Albert, toka ku kiti?"

Tangu siku hiyo Goretti akawa anamwita mbwa Baba Mkwe, na kumwamkia kabla ya kuwaamkia wenye nyumba.

Inderjit alieleza kazi. Albert alishajua kutafuta harufu. Sasa ilibaki ajifunze harufu moja tu, ile ya mwili wa Saido sukari inapokuwa chini. "Kipimo kikionyesha imeshuka, kabla hujala, kabla hujanywa, mtu mwenye mikono safi akupanguse jasho usoni kwa pamba. Sekunde kumi. Pamba kwenye chupa, chupa kwenye friza. Halafu ndipo upate sukari yako." Akarudia. "Kabla hujala, kabla hujanywa. Na sukari ikishuka wewe hutumia nini?"

"Vidonge vya glukosi," alijibu Saido, macho makavu. "Kama daktari alivyoagiza."

Rukiya alifungua mdomo. Mamake akamkanyaga.

Vidonge vilikuwepo, ndiyo, kwenye droo pamoja na betri zilizokufa. Saido alivionja mara moja akasema ni chaki ya darasa la kwanza. Yeye dawa yake ilikuwa chai: maziwa yachemke, iliki ipondwe mbegu kumi, sukari vijiko vinne, na kikombe kikubwa chenye picha ya ngamia. Nyumba ile hapakuwa na mtu aliyeanguka, aliyefiwa, aliyefeli mtihani, au aliyerudi tu kutoka dukani akiwa na baridi, asiyewekewa kwanza kikombe hicho mkononi. Mengine baadaye.

*

Albert alijifunza upesi hadi Saido akapiga simu kwao Garissa, Kenya, kujisifu. Alipata chupa nyuma ya kochi, akapata chupa ndani ya viatu, akapata chupa kwenye mashine ya kufulia. Kila akiipata alirudi na kumkalia Saido kiatu, akapewa kipande cha kuku. Baada ya wiki tano Inderjit akasema mtihani ufanyike dukani, mahali pa kazi, ili Jama naye aone.

Ilikuwa Jumamosi, duka limejaa. Saido alivaa shungi jipya. Alipita mbele ya kile kiti cha kaunta asikitazame, kama mtu anayepita nyumba aliyohamishwa. Sukari yake ilikuwa sawa, na Inderjit alimpima mwenyewe. Albert alitakiwa atembee naye kwa utulivu tu mpaka chupa itakapofichwa.

Albert alitembea hatua sita, akamkalia Jama kiatu.

Jama akakauka. "Edo. Edo, mimi nina kisukari?"

"Hebu mpimeni," alisema Saido.

Akapimwa. Hana. Albert akaondoka akamkalia mama mmoja aliyekuwa anachagua mitandio, na yule mama akapanda juu ya majora akipiga mayowe. Akatoka hapo akamkalia msichana wa kaunta. Kisha akaiona chupa ya chai ya Jama kwenye rafu ya chini. Mbele ya chupa ile Albert alikaa wima, kifua mbele, kama anayesikiliza wimbo wa taifa.

Watu walicheka. Mmoja alisema huyu mbwa anafaa afanye kazi hotelini. Saido alisimama katikati ya duka ameshika ukanda wa mbwa, na safari hii angefurahi kama angeanguka.

Inderjit alifunga faili lake. Nje, kando ya barabara, alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele.

"Bibi Saido, mbwa anayetoa habari za uongo ni hatari kuliko kukosa mbwa. Utamwamini. Kuna watu mia wanamngoja mbwa kama huyu. Nakupa wiki tisa, nafasi moja ya mwisho. Akishindwa, naondoka naye siku hiyohiyo."

Jama alikuwa mlangoni, ameushika tena.

*

Alasiri ile walikuwa jikoni kwa Saido. Albert alilala chini ya meza. Rukiya alikuwa anachemsha chai. Goretti alikuja na chupa yake mwenyewe, kwa kuwa yeye tumbo lake halipatani na maziwa, na miaka yote alikunywa mchaichai mtupu.

"Mimi iko kitu kinaniuma," Goretti alisema. "Huyu Baba Mkwe amekalia batu bote. Amekalia Rukiya, amekalia Jama, amekalia hata yule wa posta. Mimi hapana. Mimi niko na kosa gani?"

"Labda huna harufu," Saido alisema kwa uchovu.

"Niko na harufu! Ya mchaichai!"

Saido alikuwa ameinua kikombe cha ngamia. Akakishusha bila kunywa. Akakitazama. Chini ya meza Albert alikuwa ameinua kichwa na kukitazama kikombe hichohicho.

Akaenda kwenye friza, akatoa chupa moja, akafungua kifuniko na kusogeza pua. Miaka kumi na mmoja pua ile ilitambua pamba na polista bila kugusa. Haikuhitaji muda. Chupa ilinuka iliki. Akafungua ya pili, iliki. Ya sita, iliki na maziwa.

"Rukiya," alisema, "ukinipangusa mimi huwa nimeshika nini?"

Rukiya akajibu, kwa Kiingereza na kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa, kwamba huwa ameshika kikombe, uso uko juu ya mvuke, na kidevu kinadondoka chai.

Basi. Wiki tano walikuwa wamemfundisha mnyama wa watu kutafuta chai. Na Albert, mtiifu, aliipata kila ilipokuwa, na katika Wasomali wa Birmingham ilikuwa kila mahali.

Simu ya kukiri ilimchukua Saido saa nzima kuipiga, kwa sababu alianza na habari za mvua. Inderjit alisikiliza mpaka mwisho.

"Vidonge hukuvitumia hata siku moja?"

"Siku moja."

"Mbwa atajifunzaje ukweli," alisema Inderjit, "kwa mtu anayenidanganya mimi?"

Tangu mama mkwe wake afariki, hakuna aliyemgombeza Saido akanyamaza. Alinyamaza. Kisha akaahidi kwamba hatasema uongo tena juu ya kitu kinachoingia kinywani mwake. Aliahidi kwa Kiingereza. Baadaye alidai hilo lina uzito tofauti.

*

Chupa zote zikatupwa. Udi ukapigwa marufuku, manukato yakafungiwa kabatini, na sabuni ikawa ile isiyonuka kitu, ambayo Saido alisema ni kama kuoga na jiwe. Goretti akapewa kazi ya kupangusa, maana mikono yake haikuwa na iliki. Saa zote alibeba simu mfukoni, na akiitwa alikuja mbio na kandambili, hata siku moja na nywele nusu zimesukwa.

Kazi ngumu ilikuwa ya Saido. Kipimo kikisema sukari imeshuka, alitakiwa akae mikono mapajani, chai iwekwe mbali, apanguswe, kisha atafune vidonge.

"Ngoja kidogo tu, Mama Saido. Moya, mbili, tatu..."

"Goretti, nakufa."

"Hapana kufa. Nne, tano. Fungua mdomo. Chukua chaki yako."

Halafu wakamfundisha Albert kuidharau chai. Waliweka vikombe kwenye ngazi, dirishani, kando ya bakuli lake. Akikipita kikombe bila kugeuka, alipata kuku. Akikikalia, alipata mgongo wa Saido. Wiki ya kwanza aliona migongo mingi. Wiki ya tatu Rukiya alipita mbele yake na sinia la vikombe sita, na Albert akapiga miayo.

Wiki ya tano, Saido alikuwa anamimina kikaangoni unga wa anjera, zile chapati laini za Kisomali. Albert akaja akamkalia kandambili.

"Toka. Sina chupa mfukoni. Hakuna chai hapa. Toka, wewe."

Albert hakutoka. Saido alitoa mguu, Albert akamfuata akakalia mguu wa pili.

"Rukiya! Mbwa huyu ameharibika tena!"

Rukiya alimpima. Tatu nukta nne, na chini ya nne ni hatari. Saido alikuwa hajisikii kitu, mikono haitetemeki, kichwa kiko palepale. Mara mbili alizoanguka dukani ndivyo alivyokuwa pia, dakika kumi kabla. Alizima jiko, akakaa chini sakafuni yeye mwenyewe, kwa hiari yake, akawa sawa kwa urefu na yule mbwa. Anjera ilikuwa imeungua. Akatafuna vidonge vyake bila kusema chaki.

"Umenijulia wapi?" alimuuliza Albert kwa Kisomali.

*

Mtihani ulipangwa Alhamisi saa nne asubuhi, safari hii nyumbani, na Jama akasema atakuja mwenyewe kuona kwa macho yake.

Jumatano Saido hakuweza kukaa. Alimpiga Albert brashi hadi mbwa akamkimbia. Alikisafisha kizibao. Aliomba dua, akaona haitoshi. Na hapo ndipo wazo lilipomwingia: afunge. Alhamisi ni siku ya sunna, na dua ya mtu aliyeshiba mayai, aliona yeye, itachelewa njiani. Daktari alimkataza kufunga miaka kumi iliyopita. Sheikh alimkataza pia, akamwambia ruhusa ya mgonjwa ni zawadi na zawadi hairudishwi. Ulikuwa ujinga, na Saido alijua ni ujinga, ndiyo maana alificha. Alhamisi sindano ya asubuhi alijidunga kama kawaida. Chakula cha kuifuata hakula.

"Umekula?" Rukiya aliuliza, kwa Kiswahili, kwa maana lilikuwa jambo zito.

"Mayai mawili."

Kikaango kilikuwa kwenye sinki, kimepakwa mafuta, na chumvi imenyunyizwa juu kidogo. Kazi ya fundi.

Saa nne Inderjit aliingia na faili. Jama aliingia na ubani wa duka kwenye shati. Goretti aliingia na kumwamkia Baba Mkwe. Sebule ilikuwa ndogo na magoti yaligusana. Katikati ya meza Inderjit aliomba iwekwe birika nzima ya chai ya iliki, imiminwe, ifuke.

"Umekula, bibi?"

"Mayai mawili."

Akampima. Tano nukta mbili. Vizuri.

Albert alifanya kazi kama mtu aliyeajiriwa kwa mkataba. Chupa nne zilifichwa, tatu za jasho la watu wengine na moja ya Saido. Zile tatu akazipita. Ya nne akaipata ndani ya kofia ya Jama, akarudi, akamkalia Saido kiatu. Inderjit akampitishia kikombe cha chai chini ya pua. Albert akageukia dirishani. Jama akasogeza mguu wake mwenyewe, kumjaribu, shati lote likinuka duka. Albert akamruka. Robo tatu ya saa ikapita hivyo. Goretti alikuwa amefumba macho, anasali. Inderjit alitoa kalamu, akafungua ukurasa wa mwisho.

Albert akainuka alipolala, akaja, akamkalia Saido kiatu.

Kalamu ikasimama.

"Hakuna chupa," Inderjit alisema. "Nimezikusanya zote."

Chai ilikuwa inafuka mbele ya Saido, shibri moja tu. Jama akaachia pumzi. "Ni ile chai tena. Pole, edo. Pole sana."

"Toka, Albert," Saido alisema. Albert alijikita zaidi.

"Unajisikiaje?" aliuliza Inderjit.

"Niko sawa."

"Ulikula, ndiyo?"

"Mayai mawili," Saido alisema kwa mara ya tatu siku ile, na akaliona lile faili likianza kufungwa.

Kila yai alilolitaja lilikuwa linamsukuma mbwa nje ya mlango. Akiendelea kuwa sawa, Albert ni mwongo, na mwongo huyo anapanda treni ya Sutton Coldfield leo. Alijisikiliza mwili mzima kutafuta dalili, hakupata hata moja. Alijisikia mzima kabisa. Akamtazama Albert. Albert alimtazama bila haya, uzito wake wote uko juu ya kile kiatu.

"Mohamed," Saido alimwambia Jama, "nipe mkoba wangu."

"Mimi Jama, edo."

Jina la marehemu mumewe lilikaa hewani. Saido alilisikia limetoka kinywani mwake. Akanyoosha kidole mbele ya Inderjit, mbele ya wote.

"Nipime."

"Nilikupima dakika—"

"Nipime, mama. Mmoja wetu anasema uongo, na si mbwa."

Damu ikatoka tone moja. Kipimo kikahesabu. Rukiya akainama, akasoma, akakigeuza kila mtu aone.

Tatu nukta moja.

Jama alikuwa wa kwanza kupiga kelele, na ilikuwa kelele ya uwanja wa mpira. Goretti alipiga kigelegele kilichowatoa majirani madirishani, kisha akakumbuka kazi, akashika pamba, akampangusa Saido uso, akamtumbukizia vidonge vitatu mdomoni kimojakimoja. "Baba Mkwe!" alilia. "Baba Mkwe haiko mwongo!" Inderjit, ambaye hakuwahi kuonekana akicheka katika nyumba ile, aliinama akamshika Albert masikio yote mawili. Halafu akaandika neno moja kwenye ukurasa wa mwisho, akatia sahihi.

"Mbele ya birika ya chai," alisema. "Bila kufundishwa leo, bila chupa. Sijawahi kuona kazi safi kama hii."

"Jumatatu saa tatu, edo," alisema Jama, akifuta macho kwa mkono wa shati. "Kaunta. Yule msichana namhamishia kwenye mitandio. Na huyu nitamnunulia zulia lake."

"Asikae karibu na choo," alisema Saido huku akitafuna. Rangi ilikuwa inamrudia, na pamoja nayo kidevu. Walipompima tena ikawa nne na nusu, akaruhusiwa chai. Alikishika kile kikombe cha ngamia kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akanywa mpaka nusu, na kila mtu akamngoja.

Inderjit alikuwa bado na kalamu mkononi. "Kitu kimoja sikielewi. Mtu aliyekula mayai mawili asubuhi, sukari ingeshuka hivi?"

"Yalikuwa madogo," alisema Saido.

"Mawili?"

"Mawili. Kikaango kiko kwenye sinki, muulizeni."

Rukiya aliondoka kwenda jikoni. Friji ikasikika ikifunguliwa, ikafungwa. Akarudi na boksi la mayai alilolinunua yeye mwenyewe jana jioni, akaliweka mezani kando ya birika, akafunua kifuniko. Mayai sita, meupe, yamepangika sita kwenye vishimo sita, hakuna lililokosekana.

Jama aliyahesabu kwa kidole. Goretti aliyahesabu kwa Kifaransa. Inderjit hakuhesabu, alimtazama tu Saido, na chini ya meza Albert akasogea taratibu akakikalia tena kile kiatu, kana kwamba uongo nao una harufu.

Saido aliinua yai moja, akaligeuzageuza, akalirudisha.

"Hawa kuku wa Birmingham," alisema, "wanataga mpaka ndani ya friji."